Usizime Taa: Namna ya Kuilinda Nyumba Fedha Zinapokauka

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kukusanya kodi za nyumba. Nilikuwa mtu wa daftari na risiti: nagonga mlango, nasalimu, napokea, naandika. Mwezi ukipita bila malipo narudi, ikipita miwili napeleka barua, na mara kadhaa nilisimama uani nikitazama magodoro yakitolewa nje. Halafu mume wangu akaugua, kipato chetu kikakatika karibu nusu, na aliyegongewa mlango nikawa mimi. Nikafanya kile nilichowaona wapangaji wengi wakifanya. Nilizima taa, nikawaambia watoto wanyamaze, nikasubiri mpaka vishindo vya viatu vikaishia mbali.

Naandika kwa sababu nimesimama pande zote mbili za mlango ule, na najua nyumba huanza kupotea lini. Hupotea katika zile wiki za kimya, notisi ikiwa bado haijaandikwa.

Tuelewane kwanza kuhusu kukosa makazi. Wengi tukisikia neno hilo tunamwona mtu aliyelala kibarazani juu ya boksi. Huyo yuko mwisho wa safu ndefu. FEANTSA, shirikisho la Ulaya la mashirika yanayohudumia wasio na makazi, linatumia mpangilio wenye makundi manne: asiye na paa kabisa; mwenye pa kulala lakini hana nyumba, kama anayeishi kwenye makao ya muda; anayeishi bila uhakika, kama aliyekwisha kupewa notisi au anayelala sebuleni kwa ndugu kwa hisani; na anayeishi mahali pasipofaa kuishi binadamu. Niliposoma mpangilio huo nilijikuta kundi la tatu, nikiwa ndani mwangu na funguo mkononi. Kwa hiyo usingoje kutolewa nje ndipo ujihesabu kuwa una shida ya makazi. Ukishaanza kuhesabu siku za kodi kwa hofu, anza kazi.

Kazi yenyewe inaanza na karatasi. Andika kinachoingia kwa mwezi, kile cha hakika tu, si kile ulichoahidiwa. Chini yake andika madeni na malipo yote. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, huhesabu makazi kuwa ya gharama inayomudika yasipozidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Ukiona yako yamefika nusu, ujue nidhamu peke yake haitatosha. Itabidi kodi ipungue, kipato kiongezeke, au uhamie mahali padogo kwa hiari yako mapema.

Sasa panga malipo hayo kwa swali moja: nisipolipa hili, nitapoteza nini? Kodi au marejesho ya mkopo wa nyumba juu kabisa. Kisha chakula, dawa, maji, umeme, na nauli ya kukufikisha kazini. Mikopo isiyo na dhamana na vitu vya kukopa dukani vikae chini. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mdai mdogo hupiga simu mara sita kwa siku, anakutia aibu mbele ya jamaa, nawe unamlipa ili upate utulivu. Mwenye nyumba anasubiri kimya, ukadhani hana haraka. Mimi nilikuwa upande wa huyo mwenye kimya. Kimya chetu kilikuwa muda wa kuandaa barua.

Kisha nenda kazungumze, tena kabla ya tarehe ya malipo kupita. Namkumbuka mpangaji mmoja, fundi cherehani, aliyenijia siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Alisema: "Mwezi huu nina nusu. Nusu nyingine nitaimaliza kwa mafungu manne, kila Ijumaa." Akanipa karatasi yenye tarehe. Chumba cha jirani yake alikaa kijana mwenye mshahara mzuri kuliko wake, ambaye alipokwama kikazi aliacha kupokea simu miezi mitano. Fundi hakuhama. Kijana alihama na deni likamfuata. Mwenye nyumba hakumpenda mmoja kuliko mwingine. Alichokuwa nacho kwa fundi ni tarehe na kiasi, na kwa kijana hakuwa na kitu cha kushika.

Baada ya mazungumzo, weka maneno kwenye maandishi siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu. Mimi niliandika hivi:

"Kama tulivyozungumza leo, kipato changu kimepungua kwa sababu ya ugonjwa nyumbani. Nitalipa nusu ya kodi kila tarehe 5, na malimbikizo kwa mafungu sita kuanzia mwezi ujao. Naomba uthibitishe kwamba umekubali mpango huu."

Ahidi kidogo kuliko unavyoweza. Ahadi kubwa iliyovunjwa mwezi wa pili humwudhi mwenye nyumba kuliko ombi dogo la mwezi wa kwanza. Na kila unacholipa kidai risiti inayotaja ni cha mwezi gani. Nimeona ugomvi wa miaka ukizuka kwa sababu fungu la mwezi wa tatu liliandikwa kwenye deni la mwezi wa kwanza.

Notisi ikija, isome tarehe yake, kiasi kinachodaiwa, na sababu iliyotajwa, kisha uitafutie msaada wa sheria upesi: wakili, kituo cha msaada wa kisheria, au chama cha wapangaji. Sheria za kila nchi zina utaratibu wake, ila msingi wake unajulikana. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilieleza mwaka 1997 kwamba watu wanaotakiwa kuhamishwa washirikishwe kwa dhati, wapewe taarifa ya kutosha na kwa muda unaofaa, wawe na njia ya kisheria ya kujitetea, na wasitolewe usiku wala katika hali mbaya ya hewa isipokuwa wao wenyewe wakikubali. Kutolipa kodi kunaweza kuwa sababu halali ya kuondolewa, hilo lisikupoteze. Lakini kubadilisha kitasa ukiwa kazini ni jambo jingine, na karatasi usiyoielewa ya "kukabidhi kwa hiari" usiitie saini mlangoni. Ukiitwa mahakamani, nenda. Asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa.

Mkopo wa nyumba unafuata njia hiyohiyo, ila maswali yako kwa benki yawe mahususi: Je, muda wa mkopo unaweza kurefushwa ili rejesho lipungue? Naweza kulipa riba tupu kwa miezi michache? Mkinisimamishia malipo, riba inaendelea kukua? Swali la mwisho usilisahau, maana mapumziko ya malipo mara nyingi huongeza deni zima. Na ukiona wazi hutaimudu, kuiuza mwenyewe ungali na muda kwa kawaida hukuachia zaidi ya kungoja mnada.

Kuhusu mikopo ya haraka ya kulipia kodi, nasema kwa uchungu kwa sababu dada yangu alipitia huko. Deni la riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikitozwa juu ya riba, huzidi mara tatu ndani ya miezi 12. Kodi ya mwezi mmoja inakuwa kodi ya miezi mitatu, na bado ya mwezi ujao inakungoja. Wala usiweke hati ya nyumba kuwa dhamana ya deni ambalo mwanzoni halikuwa na dhamana. Hapo unachukua deni lililoweza kukuaibisha tu, kisha unalitia nguvu ya kukutoa ndani.

Waambie pia watu wako mapema. Mimi nilimweleza kaka yangu mwezi wa tatu wa shida yetu, akasema angenipokea mwezi wa kwanza kwa moyo mweupe. Mwajiri, nyumba ya ibada, ofisi ya ustawi wa jamii, shule ya watoto: kila mmoja anaweza kusaidia zaidi ungali na anwani.

Na ikilazimu kuhama, hama ukiwa umejipanga. Beba vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za kliniki na mkataba katika mfuko mmoja usiotoka mkononi mwako. Piga picha kila chumba kikiwa kitupu, andika namba za mita za maji na umeme, dai amana yako kwa maandishi, na kabla ya kurudisha funguo pata karatasi iliyosainiwa inayotaja deni lililobaki, hata kama ni sifuri.