Somo: LAN imegoma kwenye PC ya kuunda yenye macOS? Ijue chipu kwanza

Mwadila wakuu.

Juzi jamaa mmoja anayehariri video za harusi kaniletea mashine yake hapa Makoroboi, Mwanza. Kaiunda mwenyewe, kaweka macOS (mfumo wa kompyuta za Apple) kwa OpenCore, programu inayoiwasha macOS kwenye PC isiyo ya Apple, picha iko vizuri, sauti ipo, ila ukichomeka waya wa intaneti ni kama umeuchomeka ukutani. Kufungua folda ya kexti, nakuta kexti nne za LAN. Alikuwa anapakua kila aliyoisikia, anatupia humo, anawasha, anaomba Mungu. Kexti ndiyo draiva ya macOS, na chipu moja inataka yake moja. Hizo tatu nyingine hazina kazi, zinakuchanganya tu unapotafuta tatizo.

Kabla ya yote: leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye mashine za Apple peke yake. Nimesema, tuendelee.

Hatua ya 1: taa za nyuma

Chomeka kebo, chungulia tundu la LAN. Taa zikiwa zimekufa kabisa, badilisha kebo, kisha badilisha tundu la ruta. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla mfumo haujawaka) uhakikishe LAN ya kwenye mazabodi haijazimwa.

Sisi wa kanda ya ziwa tuna jambo letu hapa: radi. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na waya unaotoka kwenye antena ya juu ya bati hadi kwenye PC ni njia nzuri ya kuileta ndani. Nimeshika mazabodi ambazo kila kitu kinafanya kazi, USB, sauti, picha, isipokuwa LAN tu. Hiyo huwezi kuitibu kwa kexti. Kipimo changu ni fleshi ya Ubuntu, mfumo wa Linux wa bure: washa mashine kupitia fleshi bila kuinstoo chochote. LAN ikigoma na huko, tundu au chipu imekufa. Ikishika, tatizo liko upande wa macOS, endelea kusoma.

Hatua ya 2: namba ya chipu

Ukiwa bado kwenye Ubuntu, fungua terminali uandike:

lspci -nn | grep -i ethernet

Mwishoni mwa mstari kuna namba mbili zenye nukta pacha katikati. Ya kwanza ni kampuni: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek. Ya pili ni chipu yenyewe. Mashine ya jamaa ilisema 10ec:8168, yaani familia ya RTL8111. Kwenye Windows namba hizo hizo utazikuta Device Manager, kwenye Hardware Ids. Usiamini boksi la mazabodi wala maneno ya muuzaji, amini namba.

Ukishaijua, kazi ni nyepesi. Intel I217, I218 na I219 zinatumia IntelMausi. RTL8111 inatumia RealtekRTL8111. RTL8125, ile ya gigabiti 2.5, inatumia LucyRTL8125Ethernet, na inataka macOS Catalina au ya baadaye.

Hatua ya 3: kexti moja, mahali pawili

Huna intaneti, kwa hiyo pakua kwa simu uhamishe kwa fleshi. Mwenye iPhone ana bahati, akiichomeka kwa USB na kuwasha hotspot macOS inapata mtandao bila kexti yoyote.

Fungua EFI, ile sehemu ya diski yenye faili za kuwashia, weka kexti ndani ya EFI/OC/Kexts, toa za LAN zisizohusika. Sasa hapa ndipo watu wanapolia: kuiweka kwenye folda hakutoshi, lazima iandikwe pia kwenye config.plist, faili ya mipangilio ya OpenCore, chini ya Kernel, kisha Add. Jamaa alikuwa ameandika kwa mkono, kakopi mstari wa kexti nyingine akabadilisha jina la juu tu. BundlePath ilisema RealtekRTL8111.kext, lakini ExecutablePath ilibaki Contents/MacOS/IntelMausi. Yaani kaenda nyumba ya Juma kumuulizia Masanja. Tumia ProperTree, programu ya kuhariri faili hiyo, uchague OC Clean Snapshot, ikuandikie yenyewe. Ila weka nakala ya EFI kwenye fleshi kwanza, tafadhali.

Hatua ya 4: uliza mfumo wenyewe

Zima, washa, fungua Terminal:

kextstat | grep -i -e mausi -e rtl

Isipotoa kitu, kexti haijapakiwa, rudi hatua ya 3. Ikitoa, andika ifconfig en0 (en0 ni jina la kadi ya kwanza ya mtandao). Ukikuta "status: inactive", mfumo umeiona kadi lakini hausikii waya: kebo, tundu, au mwendo wa kadi na ruta haupatani. Ukikuta "active" lakini anwani inaanza na 169.254, waya unasoma ila ruta haijakupa anwani. Hapo mara nyingi PC haina kosa, zima ruta uiwashe.

Hatua ya 5: App Store inakukataa

LAN inafanya kazi ila App Store inagoma kukuingiza. Kadi yako huenda si en0, au haijatiwa alama ya kuwa ya ndani. Tafuta njia yake (anwani ya kadi ndani ya mashine) kwenye Hackintool, programu ya kuchunguza vifaa. LAN ya Intel ya kwenye mazabodi mara nyingi huwa PciRoot(0x0)/Pci(0x1F,0x6). Iweke kwenye config.plist, chini ya DeviceProperties, kisha Add, uipe built-in, aina Data, thamani 01. Halafu futa NetworkInterfaces.plist na preferences.plist ndani ya /Library/Preferences/SystemConfiguration, zima na kuwasha.

Maswali ya wadau

*Mdau, Igoma:* Mkuu, yangu ni RTL8111, nina Windows humo humo. Nikitoka Windows kwenda macOS, LAN hakuna. Jana umeme ukakatika, uliporudi LAN ikawepo. Umeme ndio unaitengeneza?

*Jibu:* Karibu hivyo! Windows ikizima huiacha chipu ya Realtek imesinzia, na macOS inashindwa kuiamsha. Umeme ukikatika kabisa, chipu inaanza upya. Kule Windows zima Fast Startup (kuwaka haraka) na Wake on LAN (kuamshwa kwa mtandao). Ikirudia, chomoa waya wa umeme, subiri kama nusu dakika.

*Mdau, Nansio:* RTL8125, inashika dakika kumi inakata. Kexti imepakiwa.

*Jibu:* Kwenye Network, fungua Ethernet, Details, Hardware, weka Manually, chagua 1000baseT full-duplex bila energy-efficient-ethernet. Ikiendelea, jaribu toleo la nyuma la kexti. Jipya si lazima liwe bora.

*Mdau, Nyegezi:* Mimi ni I225-V.

*Jibu:* Pole, hiyo ni chipu ya Intel ya gigabiti 2.5. Apple ina draiva yake tangu Catalina, lakini mazabodi nyingi zinataka marekebisho, na yanabadilika toleo kwa toleo. Mimi ningenunua adapta ya LAN ya USB yenye chipu ya RTL8153 nikalala.

*Mdau, Sengerema:* Kuna haja ya kuhangaika na haya bado?

*Jibu:* Apple ilitangaza 2025 kwamba macOS Tahoe 26 ndiyo ya mwisho kwa mashine zenye prosesa ya Intel. Kama mashine unayo tayari na inakuingizia hela, itumie. Kuunda mpya leo, hapana.

*Mdau, Igoma:* Mrejesho: nimezima Fast Startup, siku ya tatu leo LAN ipo. Ila umeme nao umekatika mara mbili, sijui nishukuru nini.

*Jibu:* Subiri siku usipokatika, ndipo utuambie.