Namna ya Kurudisha Angani Michezo ya Zamani ya Ndege za Kivita

Mwaka 1996, katika ofisi ya baba yangu mdogo mjini Jinja, kulikuwa na kompyuta moja ya aina ya 486 iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma kila jioni kazi ilipokwisha. Siku za Jumamosi alituruhusu mimi na kaka yangu kuifunua na kurusha ndege katika Red Baron, mchezo wa Vita vya Kwanza vya Dunia uliotengenezwa na kampuni ya Dynamix mwaka 1990. Mmoja wetu alirusha, mwingine akasoma kijitabu kwa sauti. Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu ambao bado wana hamu ya michezo ile, wakajaribu kuiweka kwenye kompyuta ya leo na kukuta haifunguki, au inafunguka lakini ndege inakimbia kupita kiasi. Kwa uzoefu wangu, mchezo wa zamani hauhitaji kompyuta yenye nguvu. Unahitaji mwendo sahihi, joistiki (fimbo ya kuongozea ndege) iliyotulia na kitabu chake.

Kabla ya kupakua chochote, tambua mchezo unaoutamani ni wa kizazi gani. F-19 Stealth Fighter ya mwaka 1988, Their Finest Hour ya 1989, Red Baron yenyewe na Aces of the Pacific ya 1992 ni michezo ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotumika kabla ya Windows kuenea, na Windows ya kisasa ya biti 64 haiwezi kuifungua moja kwa moja. European Air War na Falcon 4.0, zote mbili za MicroProse na zote za mwaka 1998, pamoja na IL-2 Sturmovik ya 2001, ni za Windows na zina matatizo ya namna nyingine kabisa. Ninakushauri uanze na mchezo mmoja wa DOS, kwa sababu ni mwepesi: ule uliouzwa kwenye flopi chache hautakumalizia bando. Duka la mtandaoni la GOG huuza michezo mingi ya aina hii kihalali, ikiwa imekwisha kuandaliwa pamoja na programu inayohitajika.

Programu hiyo ni DOSBox. Inapatikana bure, imekuwapo tangu mwaka 2002, na kazi yake ni kuigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya kompyuta yako. Ikiwa una faili za mchezo kutoka kwenye diski zako mwenyewe, tengeneza folda iitwayo michezo kwenye diski ya C, ziweke humo, fungua DOSBox, kisha andika mount c c:\michezo na ubonyeze Enter. Andika c: ili uingie humo, tumia cd kuingia kwenye folda ya mchezo, halafu andika jina la faili la kuanzishia. Alt na Enter zikibonyezwa pamoja hujaza skrini, na Ctrl pamoja na F10 huachilia kipanya kinaponaswa ndani ya dirisha.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama utaufurahia mchezo au utaufuta siku hiyo hiyo. DOSBox hupima kasi ya kompyuta inayoigiza kwa mizunguko, yaani cycles, na mizunguko ikiwa michache mno picha huenda kwa kurukaruka, lakini ikizidi, baadhi ya michezo ya zamani huharakisha kila kitu hadi adui anakupita kabla hujageuza shingo. Fungua faili la mipangilio la DOSBox, tafuta mstari wa cycles, na badala ya auto andika fixed 8000. Rusha ndege, zunguka duara kamili, kisha ongeza mizunguko kidogo kidogo kwa Ctrl na F12 au ipunguze kwa Ctrl na F11, mpaka ardhi ipite chini yako kwa utulivu unaoukumbuka. Idadi ya mizunguko huonekana juu ya dirisha. Iandike kwenye karatasi. Mchezo wa 1992 kwa kawaida huhitaji mizunguko mingi kuliko wa 1988, kwa hiyo usiihamishe namba moja kwenye michezo yote. Sauti ikianza kukatikakatika, fahamu kwamba umeidai kompyuta yako zaidi ya uwezo wake, na urudi nyuma.

Kwa sisi tunaoishi Uganda kuna jambo la kuongeza hapo. Umeme unapokatika, kompyuta mpakato huhamia kwenye betri na mara nyingi hupunguza kasi yake ili kutunza chaji, na mchezo uliokuwa laini unaanza kukwama katikati ya mapigano. Nilihangaika na jambo hilo kwa muda mrefu, nikidhani mchezo ndio mbovu. Pima mizunguko yako kompyuta ikiwa kwenye betri. Ukifanya hivyo, umeme ukiwepo au usiwepo, ndege yako itaruka vilevile.

Katika faili hilo hilo andika aspect=true. Picha za enzi ile, zenye nukta 320 kwa 200, zilichorwa kwa ajili ya skrini za uwiano wa nne kwa tatu, na bila mpangilio huo huonekana zimebanwa kwenda chini. Utaona tofauti mara moja kwenye duara la kulengea shabaha, ambalo litarudi kuwa duara. Kuhusu sauti, mchezo wenyewe ukikuuliza kadi ya sauti, chagua Sound Blaster, kadi ya enzi ile, na ukiulizwa namba zake, jibu anwani 220, IRQ 7 na DMA 1.

Joistiki nayo inastahili fedha zako kabla ya kitu kingine chochote. Zile za zamani zilichomekwa kwenye tundu la pini 15 ambalo kompyuta za leo hazina, kwa hiyo tafuta ya USB. Iliyotumika inatosha, mradi uijaribu dukani kabla ya kulipa. Ishike, isukume hadi mwisho pande zote, iachilie, na uangalie kwenye skrini kama alama inarudi katikati. Vumbi letu jekundu huingia ndani ya vifaa hivi na kuvifanya vitetemeke, lakini dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ichomeke kabla ya kufungua DOSBox, vinginevyo haitaonekana. Ndege ikielekea upande mmoja bila kuguswa, badilisha timed=true iwe timed=false katika sehemu ya joistiki ya faili la mipangilio. Mstari huo mmoja umewahi kuniokolea joistiki niliyokaribia kuitupa.

Michezo ya Windows nitaieleza kwa ufupi. Diski nyingi za miaka ile zilikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa iitwayo SafeDisc, na Windows 10 iliyotoka mwaka 2015 haiikubali, hivyo ni heri kununua toleo la mtandaoni. Michezo iliyotegemea kadi za picha za 3dfx husaidiwa na programu ya bure iitwayo dgVoodoo 2, ambayo faili zake hunakiliwa ndani ya folda ya mchezo. Kwa IL-2, fungua faili la conf.ini na ubadilishe width na height zilingane na skrini yako. Mwenye Falcon 4.0 halali anaweza kuongeza Falcon BMS, kazi ya miaka mingi ya wapenzi wa mchezo huo inayotolewa bure. Mimi naiheshimu sana, ingawa huyo tayari ni mchezo mpya uliovaa jina la zamani, na aliyetamani jioni za mwaka 1998 huenda asizikute humo.

Kinachobaki ni kitabu. Kijitabu cha Falcon 4.0 kilikuwa na mamia ya kurasa ndani ya jalada la pete, na F-19 ilikuonyesha picha ya ndege na kukuuliza jina lake kabla ya kukuruhusu kuruka, jibu likiwa ndani ya kitabu. Ukinunua mtandaoni, kitabu huja kama faili. Usikisome kwenye skrini ile ile unayorukia. Kipeleke kwa wachapishaji wa Nasser Road jijini Kampala wakuchapie na kukifunga kwa waya, ili kilale wazi mezani kwenye ukurasa wa vitufe. Kisha mtafute mtu wa kukisoma. Kaka yangu sasa anaishi Soroti, mji wa chuo cha urubani, na Jumamosi jioni nikishaweka joistiki mezani humpigia simu. Yeye ana nakala yake. Huniuliza, "Mdogo wangu, umeongeza mafuta?" halafu ananisomea hatua ya kupaa.