Zumaridi: Namna ya Kuipima, Kuiosha na Kufuata Mila Zake Bila Kuipasua

Zumaridi ni ngumu, lakini si imara, na watu wengi huyachanganya mambo hayo mawili. Ugumu ni uwezo wa jiwe kutokwaruzika. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, zumaridi ina 7.5 hadi 8, kwa hiyo kioo na kisu cha chuma haviwezi kuichora. Uimara ni uwezo wa kustahimili pigo, na hapo ndipo zumaridi hushindwa, kwa sababu karibu kila moja ina nyufa ndani yake. Ukiwa unakagua jiwe kabla ya kununua, ukiwa unaosha pete ya urithi, au ukitaka kuliweka chini ya mwezi mpevu kama wanavyofanya wanaoamini nguvu za mawe, fikiria nyufa kwanza.

Jiwe lenyewe

Zumaridi ni aina ya madini yaitwayo berili, yaani beriliamu, alumini na silika zilizoshikana: Be₃Al₂Si₆O₁₈. Berili safi haina rangi. Kijani huja pale chembe chache za kromiamu au vanadiamu zinapokaa mahali pa alumini. Chuma kikiwemo kwa wingi, kijani huvutwa kuelekea buluu. Fuwele yake ni nguzo ya pande sita yenye kichwa bapa.

Kinachoifanya iwe adimu ndicho pia kinachoipasua. Beriliamu hukusanyika kwenye miamba ya jamii ya graniti, ilhali kromiamu hukaa kwenye miamba mizito myeusi yenye magnesi nyingi, na miamba hiyo haikutani kirahisi. Hukutanishwa na misukosuko ya ardhi, maji ya moto yakipenya kati yake. Fuwele inayokulia katika msukosuko hupasuka, hujiziba, hupasuka tena, na humeza chochote kilicho jirani. Zumaridi za Zambia na za Afrika Kusini zilizaliwa kwa njia hiyo. Za Gravelotte, Afrika Kusini, zina umri wa karibu miaka bilioni 3. Za Colombia ni tofauti: zilijengwa na maji ya moto yenye chumvi yaliyopita katika miamba myeusi ya tope lililoganda, bila graniti karibu.

Kukagua kwa lenzi

Tumia lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na tochi ndogo ya mwanga mweupe. Futa jiwe kwa kitambaa laini, lishike kwa kibanio, lete lenzi karibu na jicho, kisha usogeze jiwe na si lenzi. Mulika kutoka ubavuni. Mwanga wa mbele hurudi kama kioo na kukuficha yaliyomo.

Zumaridi ya asili huonyesha mchanganyiko: nyufa zilizojiziba, vipande vidogo vya ulanga, sindano za madini mengine, matone ya maji yaliyonaswa. Wafaransa huuita mchanganyiko huo bustani, na jina hilo limekubalika duniani kote. Alama inayotajwa sana ni tone la maji lenye kiputo cha gesi pamoja na fuwele ya chumvi, vyote vitatu katika kishimo kimoja. Zamani ilichukuliwa kuwa hati ya kuzaliwa ya Colombia, lakini matone ya namna hiyo yameonekana pia kwenye mawe ya Zambia na Afghanistan, kwa hiyo usimtajie mtu nchi kwa alama hiyo peke yake.

Vioo vya kuiga vina viputo vya duara na mistari iliyopindapinda kama sharubati iliyokorogwa, na kingo za pande zake mara nyingi zimelika. Zumaridi zilizotengenezwa maabara ni ngumu zaidi kuzitambua, maana kikemia ni zumaridi kweli. Zilizokuzwa katika madini yaliyoyeyushwa huwa na vitu kama vitambaa vyembamba vya moshi vilivyojikunja. Zilizokuzwa katika maji ya moto yenye mgandamizo huonyesha mistari ya ukuaji ya pembepembe, kama herufi V zilizopangwa moja juu ya nyingine. Jiwe kubwa, safi kabisa, lenye kijani cha kukolea na bei ya kuvutia lishukiwe kwanza.

Kupima densiti kwa maji

Densiti hapa ni uzito wa jiwe ukigawanywa kwa uzito wa maji ya ujazo uleule. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu, ila kinataka subira na jiwe lisilofungwa kwenye pete. Hakikisha kwanza kwamba halina ufa mkubwa unaofika juu.

1. Pima jiwe likiwa kavu kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.001. Andika uzito.
2. Weka kikombe chepesi chenye maji ya joto la kawaida juu ya mizani. Tia tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo visishike kwenye jiwe. Rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Funga jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni, ulizamishe lote bila kugusa chini wala kando. Shikilia uzi kwa kitu kisichotikisika, si kwa mkono.
4. Soma mizani. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe.
5. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Jiwe la gramu 1.360, ambalo ni karati 6.8, likisukuma maji gramu 0.500, densiti yake ni 2.72, na hiyo ni zumaridi au kitu kinachofanana nayo sana. Turmalini ya kijani ya uzito uleule ingesukuma karibu 0.444, kwa kuwa densiti yake ni kama 3.06. Peridoti, yenye 3.34, ingesukuma 0.407. Tsavoraiti, ile ganeti ya kijani ya Kenya na Tanzania, ingesukuma 0.377 tu, maana ina 3.61.

Kosa linalowaponza wengi ni mizani inayosoma gramu 0.01. Kwa jiwe hilohilo, kuteleza kwa tarakimu moja hukupa 0.49 au 0.51, yaani 2.78 au 2.67, na 2.67 imeshasogea kwenye kwatzi, yenye 2.65. Kiputo kimoja kilichonasa huongeza maji yanayosukumwa na kukushushia densiti. Pima mara tatu, na kila mara toa jiwe, likaushe, ulirudishe. Zumaridi ya maabara nayo huangukia karibu na ile ya asili, kwa hiyo maji hayatakutenganishia hizo mbili. Kwa hilo rudi kwenye lenzi, au peleka jiwe maabara.

Mwenye refraktometa, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, atafute namba karibu na 1.577 na 1.583. Usomaji mmoja tu usiogawanyika, hata ukizungusha jiwe, unaelekeza kwenye kioo au ganeti. Kichujio cha Chelsea, kipande cha rangi cha kutazamia mawe, kinasaidia kidogo: zumaridi yenye kromiamu nyingi huonekana nyekundu kupitia kwake, lakini yenye chuma kingi hubaki kijani ingawa ni halali kabisa, na nyingi za maabara hung'aa nyekundu kali. Wauzaji wanaokuonyesha wekundu wa kichujio kama uthibitisho wanakupotosha.

Mafuta ndani ya nyufa

Zumaridi nyingi sokoni zimejazwa mafuta, mara nyingi ya mwerezi, au resini, aina ya gundi inayoganda. Mafuta hupinda mwanga karibu sawa na jiwe, kwa hiyo ufa uliojazwa hauonekani vizuri. Si udanganyifu mradi muuzaji aseme. Maabara huandika kiwango chake: hakuna, kidogo, wastani, au kingi. Tofauti ya bei kati ya hakuna na kingi ni kubwa mno, na ndiyo sababu ya kudai cheti kwa jiwe la thamani.

Ili kuyaona, mulika jiwe kutoka ubavuni na uligeuze polepole ukitazama ufa kwa pembe nyembamba. Mmweko wa buluu au rangi ya chungwa unaotokea na kupotea ni dalili ya resini. Mafuta huwa magumu zaidi kuyaona, lakini baadhi yake hutoa mng'ao wa manjano chini ya taa ya urujuanimno. Usijaribu ile njia ya kusogeza sindano ya moto ili mafuta yatoke jasho. Joto hilo linaweza kurefusha ufa.

Mafuta hukauka na miaka, na jiwe lililokuwa safi huanza kuonyesha mistari myeupe. Fundi anaweza kulitia mafuta upya. Resini iliyozeeka ni taabu zaidi, kwa sababu baadhi huwa manjano na kutoka kwake ni kazi.

Kuosha

Maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni laini na mswaki wa mtoto mchanga vinatosha. Sugua kwa wepesi, hasa nyuma ya jiwe ambako mafuta ya ngozi hujikusanya, suuza kwa maji ya joto lilelile, kisha kausha kwa kitambaa. Usiliache jiwe limelowa kwenye bakuli. Mashine ya mtikiso wa mawimbi ya sauti hutoa mafuta na kupanua nyufa. Mvuke hufanya hivyo hivyo na kuongeza mshtuko wa joto. Asetoni na spiriti huyeyusha mafuta, kwa hiyo anayeondoa rangi ya kucha avue pete kwanza. Hifadhi kila zumaridi peke yake: almasi na yakuti ya jirani zitaichora.

Pete ikihitaji kuunganishwa kwa moto, sonara alitoe jiwe kwanza. Akikataa, tafuta mwingine. Mkato wa mstatili wenye pembe zilizopunguzwa ulibuniwa kwa ajili ya jiwe hili, maana pembe kali ndiyo hupasuka kwanza.

Mila zake, na kinachoweza kulidhuru jiwe

Migodi ya jangwa la mashariki la Misri, kama ile ya Wadi Sikait, ililisha ulimwengu wa Warumi, na Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kuwa kulitazama jiwe la kijani hupumzisha macho yaliyochoka. Wasomi walioandika kwa Kiarabu walirithi dai lingine, kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake huharibika. Mmoja wao, Al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, hakuridhika na masimulizi. Alimfunga nyoka mkufu wa zumaridi na kuendelea na jaribio kwa miezi 9, wakati wa joto na wa baridi, na macho ya nyoka hayakupata lolote. Kwa Wahindu zumaridi ni jiwe la Budha, yaani sayari ya Zebaki, na huvaliwa zaidi kidole cha mwisho siku ya Jumatano. Huko Muzo, Colombia, husimuliwa kuwa machozi ya Fura, mwanamke wa hadithi za wenyeji, ndiyo yaliyogeuka zumaridi. Leo wanaofuata mafunzo ya chakra, vituo vya nguvu vinavyoaminika kuwa mwilini, huihusisha na moyo, upendo na subira. Hakuna ushahidi kwamba inatibu ugonjwa, na dawa isiachwe kwa ajili yake. Lakini mtu akiitumia kumkumbusha nia yake, hilo ni lake, na inafaa afanye bila kuliharibu jiwe.

Kulisafisha kiroho kwa maji ya chumvi ndiyo njia mbaya kuliko zote. Maji hupenya ufa, hukauka, na fuwele za chumvi hubaki zikikua ndani yake. Kulizika ardhini huingiza uchafu ndani ya nyufa. Jua halififishi rangi ya kromiamu, ila joto hukausha mafuta, na mafuta yaliyotiwa rangi huchakaa. Mwangaza wa mwezi hauna madhara kabisa, mradi jiwe likae ndani ya sahani yenye kitambaa, si ukingoni mwa dirisha. Moshi wa ubani au udi unakubalika likishikwa mbali na kaa kiasi kwamba mkono wako hauhisi joto, kisha lifutwe, kwa sababu moshi huacha utando.

Wanaopenda kunywa maji yaliyolala na jiwe waweke jiwe nje ya glasi, kando yake. Ndani ya nyufa kuna mafuta, resini na uchafu usiojulikana. Kusaga zumaridi kuwa unga, kama ilivyoagizwa katika tiba za kale, kusifanyike hata kidogo: vumbi lake lina silika na beriliamu, na mapafu hayasamehi hivyo viwili.

Anayevaa kwa desturi ya Kihindi huagiza pete iliyo wazi nyuma ili jiwe liguse ngozi. Pete hiyo hukusanya jasho na sabuni kuliko nyingine, kwa hiyo ipigwe mswaki upande wa chini kila wiki, na ivuliwe kabla ya kuoga, kufua na kubeba mizigo.