Saizi ya matairi ya theluji kwa rimu za gari lako (Quebec)

Quebec, jimbo la Canada, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, gari lililosajiliwa jimboni lazima livae matairi ya theluji. Mfano wangu ni Toyota Corolla ya mtindo ulioanza 2020, maana ndiyo ya jirani yangu niliyemsaidia juzi.

Hatua ya 1. Fungua mlango wa dereva, soma stika iliyo kwenye nguzo. Corolla LE (toleo la kawaida) ni 205/55R16: upana wa tairi milimita 205, kimo cha ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16.

Hatua ya 2. Linganisha stika na rimu yenyewe. Hapa ndipo watu hupoteza hela. Stika inaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Tairi lililofungwa linaeleza alichopenda mwenye gari aliyetangulia. Kwa jirani yangu stika ilisema 16, gari limesimama juu ya rimu za 18 za Corolla SE (toleo jingine la gari hilohilo), naye ameshaweka 205/55R16 kwenye kapu la duka la mtandaoni! Vua gurudumu moja, sugua tope nyuma ya rimu, utaona kitu kama 18x8J: kipenyo inchi 18, upana inchi 8.

Upana huo usiupuuze. Utaambiwa tairi jembamba hukata theluji vizuri zaidi. Ni kweli kwenye theluji mpya na ile ya majimaji, lakini rimu ina mipaka yake. 205/55R16 hukaa kwenye rimu za inchi 5.5 hadi 7.5. Ukishuka 195/55R16, jedwali la saizi za matairi na rimu linaishia 7, na rimu ya LE ni 7 kamili: ukuta wa tairi unavutwa, kingo ya rimu inabaki wazi, na mashimo ya Montreal hayana huruma. Kipenyo nacho kinahusika, maana spidomita inakitegemea. 225/40R18 ina milimita 637, 205/55R16 ina 632, hizo ni sawa. 215/45R18 inafika 651, mimi siigusi.

Kwa hiyo kama rimu ni za kiwandani, baki na saizi ya stika. Kama zimebadilishwa kuwa za 18, kama za jirani yangu, tafuta za 16 kwa wauza vipuri vya magari mabovu. Tairi la 18 ni ghali, na ukuta wake mwembamba haufai baridi hii. Ila hakikisha rimu ni ya bolti 5 kwa 100, yaani bolti 5 kwenye duara la milimita 100, tundu la kati milimita 54.1. Ya Camry ni 5 kwa 114.3, haiingii hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 3. Namba ya uzito, inayofuata saizi kwenye tairi, isipungue ya stika au kitabu cha gari. 91 ni kilo 615 kwa tairi. Herufi ya mwendo T, yaani kilomita 190 kwa saa, inatosha kabisa.

Hatua ya 4. Tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. M+S (tope na theluji) peke yake sheria haiitambui.

Hatua ya 5. Nunua manne. Mawili sifungi.

Hatua ya 6. Jaza upepo kwa kipimo cha stika, matairi yakiwa yamepoa. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, upepo unapungua kama psi 1 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Ukijaza ndani ya gereji yenye nyuzi 20 na nje ni hasi 15, asubuhi psi 6 hazipo, kwa hiyo pima tena nje.