Samaki wa Mvuke kwa Mtindo wa Guangdong, Pamoja na Kamba wa Kitunguu Saumu

Katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, na katika mji jirani wa Hong Kong, samaki aliyevuliwa karibuni hatiwi viungo vingi. Hupikwa mzima kwa mvuke, kwa dakika chache tu, kisha humwagiwa mafuta ya moto na sosi ya soya, akapelekwa mezani papo hapo. Mpishi wa pwani yetu, ambaye amezoea kumpaka samaki ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili tangu mapema, atalazimika kuuzuia mkono wake, na hapo ndipo penye ugumu wote wa pishi hili. Maelezo yanayofuata ni ya mlo wa watu wanne: samaki mmoja, kamba wa kukaanga, mboga za majani na wali mweupe usiotiwa nazi wala chumvi.

Kazi kubwa inafanyika sokoni. Chewa ndiye anayethaminiwa sana Hong Kong, naye anapatikana katika maji yetu. Akikosekana, changu au tasi anafaa vizuri, na aliye mbali na bahari anaweza kumtumia sato. Nguru na jodari tusiwatumie hapa, kwa kuwa nyama yao hukauka upesi kwenye mvuke. Chagua samaki wa gramu 700 hadi 800, mwenye macho maangavu yaliyotuna, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake unapoibonyeza kwa kidole. Samaki aliyelala anaweza kuokolewa na mchuzi wa nazi au masala ya kukaangia, lakini kwa mvuke hana pa kujificha.

Hata kama muuzaji amekwisha kumpaa magamba na kumtoa matumbo, mkague tena nyumbani. Fungua tumbo, uikwangue kwa ncha ya kisu ile damu nyeusi iliyoganda kando ya uti wa mgongo, kisha umsuuze kwa maji baridi na kumkausha kwa kitambaa safi ndani na nje. Shombo nyingi hutokana na damu hiyo, wala si na samaki mwenyewe, na ndiyo maana ndimu haihitajiki. Mchanje mara mbili au tatu kila upande, pale kwenye mnofu mnene, na usimtie chumvi, kwani chumvi ikikaa huvuta maji na kuikaza nyama. Wapishi wa Guangdong wengine hutia mvinyo wa mchele kidogo. Asiyetumia pombe hapungukiwi na kitu, maana vipande vya tangawizi tumboni vinatosha.

Kabla ya kuwasha moto, andaa kila kitu, kwa sababu baadaye hutakuwa na nafasi. Injika wali. Menya tangawizi ya urefu wa kidole, uikate nyuzi nyembamba sana, na ufanye vivyo hivyo kwa majani ya vitunguu, ukiyatenga mashina meupe. Katika bakuli changanya vijiko vikubwa 3 vya sosi ya soya nyepesi, vijiko vikubwa 2 vya maji ya moto na kijiko kimoja cha chai cha sukari, ukoroge hadi sukari iyeyuke. Sosi ya soya nzito na nyeusi kazi yake ni kutia rangi. Hapa itaufunika utamu wa samaki. Chukua pia nusu kilo ya kamba, uwamenye na kuwaachia mikia, utoe uzi mweusi wa mgongoni na uwakaushe sawasawa, kisha ukatekate punje 5 za kitunguu saumu.

Kwa kupikia, sufuria pana yenye mfuniko inatosha. Weka ndani kiweko cha chuma au bakuli dogo lililofudikizwa, utie maji yasiyofikia sahani, na uyaache yachemke kwa nguvu kabla samaki hajaingia. Sahani ya bati ni bora kuliko ya udongo mnene, kwa kuwa hupata moto mara moja. Panga yale mashina meupe ya vitunguu juu ya sahani na umlaze samaki juu yake, ili mvuke upite chini pia. Funika, moto uwe mkali, na usifunue kwa dakika 8. Unene ndio unaoamua muda kuliko uzito. Samaki mnene atahitaji dakika 10. Jicho litakuwa jeupe na kutokeza nje, na kijiti kikichomwa nyuma ya kichwa kitaufikia mfupa bila kukwama. Zima moto, umwache dakika moja chini ya mfuniko.

Samaki akiwa bado kwenye mvuke, pasha karai kwenye jiko la pili. Tia mafuta kidogo, kamba na chumvi kiasi; wageuze mara moja, tia kitunguu saumu, na uwaepue ndani ya dakika 3, wakiwa wamegeuka rangi na kupinda kidogo. Aliyejikunja kama pete amekwisha kuiva kupita kiasi. Katika karai lilelile kaanga chainizi kwa dakika mbili.

Sasa mtoe samaki. Maji yaliyokusanyika kwenye sahani yamwage yote pamoja na yale mashina, ingawa yanavutia kama mchuzi, kwa sababu ndiyo yaliyobeba shombo iliyobaki. Tandaza tangawizi na majani ya vitunguu mabichi juu ya samaki. Pasha vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya kula hadi yaanze kutoa moshi mwembamba, uyamwage polepole juu ya majani hayo: yatachachatika, yatasinyaa, na harufu ya tangawizi itapanda mara moja. Kama hakuna mlio, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Sosi ya soya imiminiwe pembeni mwa samaki, si juu yake, ili ngozi ibaki safi.

Aliwe mara moja. Upande wa juu ukiisha, shika mkia na uunyanyue uti wa mgongo wote badala ya kumgeuza samaki, kwani akigeuzwa mnofu wa chini huvunjika na miiba hutawanyika. Sosi iliyobaki kwenye sahani imwagie wali. Mnofu ukibaki, usiupashe tena kwa mvuke; ulaze kwenye friji na kesho yake uuchanganye na wali wa kukaanga.