Ukifundisha Waromantiki kidato cha tano, anza na hasira, maua baadaye

Maticha wenzangu wa Kiingereza mnaoshika kidato cha tano na sita, tuongee kidogo kuhusu hawa Waromantiki, yaani waandishi wa Uingereza wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. Wengi tunaingia darasani tunaandika ubaoni sifa zao, moja mapenzi ya asili, mbili hisia, tatu sijui ubunifu, madogo wanakopi, wanakariri, halafu ikija shairi wasilolijua kwenye mtihani wanamwaga zile sifa zote hata kama shairi lenyewe halina hata jani la mti. Achana na hiyo njia. Hawa jamaa walikuwa na hasira na dunia yao, na kijana wa miaka 17 hasira anaielewa haraka kuliko maua.

Kwa hiyo anza na mshairi William Blake. Ana mashairi mawili yenye jina moja, "The Chimney Sweeper", la kwanza la 1789, la pili la 1794. Kabla hujagawa makaratasi waeleze kazi yenyewe ilivyokuwa: London walikuwa wanawasha makaa ya mawe majumbani, dohani ni nyembamba zinajaa masizi, wa kupenya mle kusafisha ni mtoto mdogo tu. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1788 kwamba asichukuliwe mtoto wa chini ya miaka 8, lakini nani alifuatilia? Huhitaji kuongea sana hapo, dogo yeyote aliyeona watoto wanaponda kokoto barabarani ameshaelewa.

Sasa gawa darasa mara mbili. Nusu wape shairi la kwanza, nusu la pili, wasionyeshane, na swali liwe moja tu: wa kulaumiwa hapa ni nani? Wale wa kwanza watahangaika, maana mtoto kauzwa na baba yake, lakini mwisho kuna ndoto ya malaika na maneno ya faraja kwamba anayetimiza wajibu wake hatadhurika. Wa pili hawahangaiki kabisa, wazazi wameenda kanisani kusali wamemwacha mtoto kwenye theluji, na yeye mwenyewe anamtaja Mungu, kasisi na mfalme waziwazi. Wakimaliza wabadilishane, wasome kwa sauti, halafu warushie swali, je Blake anaamini ule mstari wa mwisho wa shairi la kwanza? Usijibu. Kaa kimya kabisa wabishane wenyewe, najua kwa ticha ni mateso, ila hapo ndipo kejeli inaeleweka bila kuandika maana yake ubaoni.

Baada ya hapo ndiyo uandike tarehe, tena chache. 1789 Mapinduzi ya Ufaransa, 1798 washairi Wordsworth na Coleridge wanatoa kitabu chao cha mashairi, Lyrical Ballads, na kwenye dibaji ya toleo la 1800 Wordsworth anajitetea kwamba ameandika kwa lugha ambayo watu wanaongea kweli, na amechagua maisha ya watu wa shamba. Inatosha, twende.

"Ozymandias" ya Shelley, 1818, mistari 14 tu, huu ni mtaji. Ina sauti tatu: msimuliaji, msafiri, na mfalme mwenyewe ambaye ni Ramesses II wa Misri. Mfalme ana mistari miwili tu, mpe mwanafunzi mwenye sauti nene asimame aifoke, kisha msafiri aendelee taratibu kwamba pembeni hakuna kitu, ni mchanga mtupu. Halafu, na hapa nawaomba msiruke, waleteeni Al-Inkishafi, utenzi wa Kiswahili wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Wengi wanaikadiria mwanzoni mwa karne ya 19, yaani nyakati za Shelley, na inaongelea majumba ya Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, leo kwenye vidaka wamelala makinda ya ndege. Mada moja, bahari tofauti, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Waulize: kwa nini Shelley anajificha nyuma ya msafiri, na mshairi wa Pate anausema moyo wake mwenyewe? Mimi naona la Pate linauma zaidi kwa sababu waliokufa ni watu wa kwao, lakini msiwaambie madogo hivyo mapema.

Frankenstein, ile riwaya ya Mary Shelley ya mwanasayansi anayeunda kiumbe hai, msijaribu kuisoma yote kama muda hamna. Chukueni pale kiumbe anapoamka na pale anapojifunza kuongea kwa kuchungulia familia ya watu, basi. Waambieni Mary alianza kuiandika 1816 karibu na Geneva akiwa na miaka 18, mvua na baridi haviishi kwa sababu volkano ya Tambora ililipuka Indonesia mwaka uliotangulia.

Mwisho kabisa ndiyo yaje yale maua ya Wordsworth, daffodil. Onyesha picha kwenye simu dakika moja, usipoteze kipindi. Kilicho kitamu ni kwamba tarehe 15 Aprili 1802 Wordsworth alikuwa anatembea na dada yake Dorothy, na Dorothy akaandika kwenye shajara jinsi maua mengine yalivyolaza vichwa kwenye mawe kama yamechoka na mengine yakacheza na kucheka na upepo. Kaka mtu akatunga miaka miwili baadaye, akaanza kwa kusema alikuwa anazurura peke yake! Wape shajara kwanza, shairi baadaye, wazungushie peni kila alichobeba na wataje alichofuta, akiwemo dada.

Halafu kazi ya nyumbani: waende sehemu wawili wawili, mmoja aandike alichokiona siku hiyohiyo, mwenzake akae wiki mbili ndiyo atunge shairi bila kuchungulia daftari la mwenziwe. Wakileta, maksi nyingi zisiende kwenye vina, ziende kwa anayeweza kueleza kilichopotea na kilichoongezeka kati ya daftari na shairi.