Bima ya maisha ya mogeji na akaunti ya ofseti: kabla hujasaini, uliza hela inaenda kwa nani

Wabongo, Wakenya, Waganda na wengine mlioko ughaibuni mnaotafuta nyumba, mada hii ya bima ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba, na akaunti ya ofseti, ile ya akiba inayopunguza riba ya mkopo, inaboa lakini ina hela ndani yake. Siku ya kusaini mkopo karatasi ni nyingi, mtu anakupitisha mbio mbio, bima imechomekwa katikati, na wewe unachowaza ni funguo tu, kwa hiyo unasema ndio, ndio, ndio.

Kwanza tutenganishe bima, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kuna bima ya jengo, hiyo ni ya majanga kama moto, na benki kwa kawaida hazikupi mkopo bila hiyo. Halafu kuna bima ya kumlinda mkopeshaji. Marekani ukiweka depositi chini ya asilimia 20 kwenye mkopo wa kawaida kwa kawaida unatozwa PMI (bima binafsi ya mkopo wa nyumba), Kanada nako chini ya asilimia 20 kuna bima ya lazima, zote unalipa wewe lakini anayelindwa ni mkopeshaji. Yaani unaweza kuwa unakatwa kila mwezi ukijua "mi nina bima ya mogeji", kumbe ukifariki leo familia haipati hata senti na deni liko palepale.

Ya tatu ndo bima ya maisha yenyewe, nayo inakuja kwa sura mbili kubwa. Kuna inayopungua, fidia inashuka kadiri deni linavyoshuka, na kuna isiyobadilika. Chukua mkopo wa 200,000 kwa miaka 25, riba asilimia 5. Baada ya miaka 15 salio linakuwa kama 110,000, na ile inayopungua italipa karibu na hapo. Ni ya bei nafuu na kwa mkopo wa kulipa riba pamoja na deni inatosha, ila kama mkopo wako ni wa kulipa riba tu, deni halishuki, hivyo chukua isiyobadilika. Pia angalia ile inayopungua imepigiwa hesabu kwa riba ya asilimia ngapi, maana riba yako ikipanda juu ya hiyo fidia inaweza isifike kumaliza deni.

Sasa swali la kwenye kichwa. Bima nyingi zinazouzwa na benki yenyewe, Kanada hasa, fidia inaenda moja kwa moja benki. Deni limeisha sawa, ila mke au mume hana uamuzi wowote juu ya hiyo hela. Ukinunua bima ya maisha ya kawaida nje ya benki unamwandika mnufaika mwenyewe, akiamua kulipa deni sawa, akiamua kwanza asafirishe mwili na kulipa ada za watoto, sawa pia. Mimi naegemea hii ya pili karibu kila mara. Uingereza unaweza kuiweka bima chini ya trasti, yaani mpango wa kisheria ambapo watu unaowachagua wanaishika hela kwa niaba ya familia, mara nyingi bila gharama, fidia isiingie kwenye mirathi na itoke haraka zaidi. Na mkiwa wawili, bima ya pamoja ya kawaida inalipa mara moja tu, wa kwanza akiondoka imekwisha, aliyebaki hana bima tena. Bei ya bima mbili tofauti haizidi sana, ulizieni.

Kwenye fomu usifiche presha wala sukari, na sigara hata ile ya umeme iseme. Kampuni ikigundua baadaye inaweza kukataa kulipa, na wa kuhangaika na barua hizo sio wewe, ni mjane. Kama una mpango wa kurudi nyumbani moja kwa moja uliza kwa maandishi kama bima inaendelea.

Haya, ofseti. Imezoeleka sana Australia, Uingereza ipo kwa baadhi ya benki, Marekani ni nadra. Akiba yako inakaa kwenye akaunti iliyofungamana na mkopo, na riba inapigwa kwenye tofauti. Mkopo 200,000, akiba 30,000, unalipa riba ya 170,000. Kwa asilimia 5 hapo umeokoa kama 1,500 kwa mwaka, na kwa sababu hujalipwa riba yoyote hakuna cha kukatwa kodi. Hela bado ni yako unaichomoa ukitaka, tofauti na kulipa deni zaidi, ambako kuirudisha ni kazi.

Kwa sisi ambao tunaweka hela ya kiwanja au ya kupaua nyumba huko nyumbani miezi kadhaa kabla ya kuituma, inafaa kweli, inakaa pale inapunguza riba huku inasubiri fundi. Lakini kama akiba yako ni ile ya kuingia tarehe 25 na kuisha tarehe 3 kwa sababu ya simu za nyumbani, achana nayo. Mikopo hii mara nyingi ina riba ya juu kidogo au ada ya mwaka, na ukiwa na akiba ndogo unalipia kitu usichokitumia. Piga hesabu, tofauti ya riba mara mkopo wote, linganisha na unachookoa. Mfano ule ule, riba ikizidi kwa asilimia 0.5 tu ni 1,000 kwa mwaka, na kwa asilimia 5.5 ile akiba inaokoa 1,650, faida yako imebaki 650.

Na wanaokwepa riba kwa sababu ya dini, ofseti haiondoi riba, inaipunguza tu. Uingereza kuna mipango ya kununua nyumba kwa ubia na benki za Kiislamu, hiyo ni mada yake.

Kitu kingine ambacho kinasahaulika: ukihamisha mkopo, ukiongeza miaka au ukikopa zaidi kwa ajili ya jiko jipya, bima ya zamani haibadiliki yenyewe. Inabaki na kiasi kile na mwisho ule ule, wewe ndo uipigie simu siku hiyo hiyo.